Karatasi ya waranti niliisoma gari ikiwa juu ya brekidauni

Kazi yangu mimi ni uhasibu. Kutwa nzima nasoma makaratasi ya watu, risiti haina tarehe narudisha, ankara haina muhuri narudisha, mtu anadai nauli yake bila kuambatisha chochote narudisha, mpaka ofisini wamenipa jina Mama Viambatisho na wala sikasiriki. Sasa mtu huyohuyo, Agosti 2023, nikatoa milioni 24 na laki tano nikanunua gari, nikapewa karatasi ya waranti, ile dhamana ya muuzaji gari ikiharibika, kurasa mbili, nikaikunja mara nne nikaitumbukiza kwenye dashibodi, nikawasha gari nikaondoka. Hata mstari mmoja sikusoma. Furaha ya gari jamani ni ulevi kama ulevi mwingine.

Gari yenyewe ya Kijerumani, kadogo ka milango mitano, cc 1400, ya mwaka 2014. Kampuni siitaji maana ugomvi wangu haukuwa na waliotengeneza, na yadi ya magari niliyonunulia nayo siitaji maana tulishamalizana. Nyumbani palikuwa na mjadala kwanza. Baba watoto ni mtu wa Toyota, kwake yeye gari isiyokuwa Toyota ni pambo, alikuwa anataka tuchukue RAV4, hoja yake moja tu, "spea zake hata Kibaigwa unapata." Mimi nilishapanda gari ya shemeji yangu, ya Kijerumani, ule mlango wake ukiufunga unalia pu, kama friji jipya, basi hapo nikawa nimeshatekwa. Nikamwambia RAV4 tutanunua ukistaafu.

Mwanzoni nilitaka niagize mwenyewe kutoka Japani. Kuna watu wanashangaa gari ya Ulaya inatokaje Japani, ni hivi, Wajapani wenyewe wananunua hizo gari za Kijerumani zikiwa mpya, wakizichoka zinaenda mnadani, na kwa kuwa na wao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi usukani uko kulia tayari, ndo maana nyingi zinazokuja Dar zinapitia huko, nyingine Uingereza. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mamlaka ya mapato, pale unachagua aina ya gari, mwaka, nchi ilikotoka, ukubwa wa injini, inakupa kodi yake. Na kodi wanapiga kwenye thamani wanayoijua wao, sio ile bei uliyobembeleza kwa muuzaji mpaka ikashuka. Mwaka huo ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini kama hiyo yangu, uchakavu asilimia 15 kama gari imepita miaka minane na ikifika kumi inakuwa 30, halafu VAT 18 inakaa juu ya zote kama kofia. Niliweka gari ya 2013 na ya 2014 nikalinganisha, mwaka mmoja tu lakini tofauti unaiona kwa macho. Nilipojumlisha na gharama za bandarini na usajili, kodi na tozo zilikuwa zinakaribia bei ya gari yenyewe, na hapo bado hujaiona, hujaigusa, unatuma hela kwa mtu umemjua kwenye simu.

Nikaona bora yadi. Yadi naiona gari, naiwasha, nakaa, nafunga mlango nasikia pu yangu. Na kikubwa zaidi, kuna waranti. Hilo neno ndilo lililonimaliza.

Yule kijana wa yadi alikuwa na maneno huyo, angekuwa mwanasiasa tungempa kura. "Dada, hii ni gari mpya." Kwa Dar, kwa wasiojua, gari mpya ni gari kuukuu ambayo haijatumika Bongo. Basi mpya hiyo ina miaka tisa. "Dada, hii sio ya Japani hii, angalia chesesi namba inaanzia na W, W ni Ujerumani, hii inakuja na waranti yake ya Ujerumani, na juu yake sisi wenyewe tunakupa miezi sita, injini na giaboksi." Waranti mbili! Nikamuuliza ile karatasi ya mnada ya Japani ipo, akasema ilibaki kwa bosi. Nikauliza kitabu cha sevisi, akanipa, kimeandikwa Kijapani chote, nikawa nakifunua kurasa kama naelewa. Nikaizungusha gari kidogo ikateleza vizuri, AC inakata kama wembe. Kitu kimoja tu nilichofanya cha akili siku ile, walitaka kuniandikia risiti ya mkono nikakataa, nikasema nataka ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iandikwe hela yote niliyotoa, wakanung'unika lakini wakatoa. Na hiyo wala haikuwa akili, ilikuwa mazoea ya kazini.

Miezi mitatu ya kwanza raha tupu. Naishi Goba, kazi Mikocheni, kile kimlima cha Goba inapanda kama haina habari. Namba za usajili za herufi E, zile mpya mpya, safi, watoto wananiambia mama taa zake kama macho ya paka. Baba watoto naye akaanza kuiazima kimya kimya kwenda nayo kwenye vikao vya harusi, maneno ya RAV4 yakapungua.

Desemba ndo ikaja. Mnaikumbuka Desemba ile ya mvua za El Nino, na katikati ya mvua joto la kuivisha maembe. Natoka kazini jioni, nipo Sam Nujoma, nimeshapita Mwenge naelekea Mlimani City, foleni ya kusogea hatua mbili unasimama, hatua mbili unasimama. Nikasikia gari inatikisika, kama mtu anayejifunza kuendesha, dugu dugu. Kwenye dashi pale panapoandika gia pakaanza kuwaka na kuzima. Nikakanyaga mafuta injini inalia ila gari haiendi. Nikaweka N nikarudisha D, hamna. Nikazima nikawasha, ikaenda kama mita kumi ikagoma tena. Daladala nyuma yangu honi, bodaboda wanapita wanachungulia, mmoja akaniambia "mama ungechukua Toyota IST," nikamtazama tu. Trafiki akaja wala hakunigombeza, akawaita vijana wakanisukumia pembeni.

Nikampigia kijana wa yadi. Inaita, haipokelewi. Nikampigia tena. Siku ya kuuziwa alikuwa anapokea kabla haijaita vizuri. Nikapiga kwa watu wa bima, mimi si nimekata bima kubwa, laki nane na ushee niliwalipa, dada akanijibu kwa upole kabisa kwamba bima kubwa ni ajali, wizi, moto na mambo ya namna hiyo, gari ikiharibika mitambo yenyewe bila kugongwa hiyo sio kazi yao. Nilikuwa sijui. Yaani kichwani mwangu bima kubwa na waranti zilikuwa kama mtu na pacha wake.

Brekidauni, lile lori la kubeba gari mbovu, ikaja, laki na nusu mpaka Sinza kwa fundi ninayemwamini. Nikapanda mbele na dereva, gari yangu huko nyuma imepakiwa kama ng'ombe wa Pugu, ndipo nikakumbuka ile karatasi. Nikiwa nashuka kwenye gari nilishaichomoa kwenye dashibodi, nikaikunjua nikawasha tochi ya simu nikaanza kuisoma. Dereva anapiga stori za mvua mimi namjibu mmh, mmh.

Nawaambia ilikuwa imeandikwa vizuri tu, wala hawakuficha. Miezi sita AU kilomita 5,000, kitakachotangulia. Nikashtuka, nimeshatembea 4,100. Krismasi tulipanga kwenda nayo Moshi, kwenda na kurudi ni kilomita kama elfu moja na mia moja, yaani ningeharibikiwa nikiwa narudi Chalinze huko waranti ingekuwa imeshakufa na mimi sijui. Mstari wa pili, inahusu sehemu za ndani za injini na giaboksi. Wa tatu, haihusu vifaa vya umeme, sensa, kompyuta, na vitu vinavyolika kama breki na klachi. Wa nne, tatizo litaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu. Wa tano, fundi mwingine asifungue chochote. Na chini kabisa sahihi yangu, nzuri, imepinda mkia kama ya kwenye hundi.

Kufika Sinza nikamwambia fundi afungue aangalie. Akakataa. "Dada angu, nikilegeza boliti moja tu hapa, kesho watakwambia mimi ndo nimeua. Ngoja niiwekee mashine tu, mashine haifungui kitu." Akachomeka kile kiwaya chini ya usukani, akasubiri, akasoma, akatikisa kichwa. Akaniita nione. Akanieleza na mimi nitawaeleza nilivyoelewa.

Hii giaboksi sio ile otomatiki ya zamani tuliyoizoea kwenye Toyota. Ina klachi mbili, moja inashika gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, nyingine inashika ya pili, ya nne, ya sita na rivasi. Ukiwa gia ya pili, ya tatu inakuwa imeshajiandaa, ndo maana inabadilisha mpaka husikii. Klachi zenyewe ni kavu, haziogi kwenye oili, kwa hiyo kwenye foleni ya hatua mbili unasimama zinasuguana zinapata moto, mguu mwepesi unaoivuta vuta gari ndo sumu yake. Anayezikanyaga hizo klachi badala ya mguu wako ni kidude kimoja kimefungwa hapohapo kwenye giaboksi, mafundi wanakiita mekatroniki, ndani yake kuna pampu ya oili, kuna valvu, na kuna kompyuta, vyote mwili mmoja. Hicho ndicho kilichokuwa kinakufa kwangu, presha ya oili haipandi.

Nikaona giza. Nikamwonyesha fundi mstari wa tatu, kompyuta haihusiki. Akacheka. Akaninyooshea kidole kwenye skrini ya mashine yake, ile namba ya kosa ilikuwa inaanza na P. "Unaiona hiyo? Kosa likianza na B ni bodi, vioo, viti, mambo ya eabegi. Likianza na C ni chesesi, breki na stelingi. U ni vikompyuta vinashindwa kuongea. P ni injini na giaboksi. Sasa gari yenyewe imesema hii ni P. Wewe kabishane nao hiyo herufi." Akaniprintia, nikaomba aweke tarehe na namba ya chesesi juu yake. Akaniangalia akasema dada wewe utakuwa mwalimu.

Usiku uleule nikaandika barua. Hapo ndo nikarudi kuwa mimi. Kiambatisho A risiti ya EFD, B mkataba wa mauziano, C karatasi ya waranti, D ile printi ya mashine, E picha ya kilomita kwenye dashi, F risiti ya brekidauni. Kesho yake saa tatu asubuhi nikaipeleka mwenyewe, nikawapigisha muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Kijana wa maneno mengi hakuwepo, kumbe alishahamia yadi nyingine.

Kabla sijaenda nilipiga simu kwa mawakala rasmi wa hiyo kampuni hapa mjini, nikiwa bado nina tamaa na ile waranti ya Ujerumani. Jamaa akaniomba namba ya chesesi, tarakimu na herufi 17, nikamsomea, kama dakika mbili hivi akarudi. Gari iliuzwa mpya Japani mwaka 2014. Waranti ya kiwanda inaanza kuhesabiwa siku anapokabidhiwa yule wa kwanza, sio siku unayonunua wewe, na inafuata soko gari ilikouzwa. Muda wake uliisha zamani, mimi wakati huo hata leseni sina. Kuhusu ile W ndo akacheka kidogo, akasema W inakwambia imezaliwa wapi, haikwambii nani anailea.

Nilimpigia pia wifi yangu yuko Leicester nikamwaga machungu, akaniambia kwao ukinunua gari kwa dila, yaani mfanyabiashara wa magari, hata iwe ya mtumba, una siku 30 za kuirudisha ikionekana mbovu, na likitokea tatizo ndani ya miezi sita ni dila ndo wa kuthibitisha kwamba gari ilikuwa nzima alipokuuzia, iko kwenye sheria yao ya mwaka 2015. Na Ulaya bara huko kitu kipya dukani kina miaka miwili ya muuzaji kuwajibika. Nikamwambia wifi hizo sheria hazipandi meli. Zikifika bandari ya huko zinashuka, inakuja gari peke yake. Tuna mwenzetu ofisini alinunua gari kutoka Uingereza akalipia kabisa na waranti ya miezi 12, tukaisoma naye wakati wa chakula, imeandikwa matengenezo yafanyike kwenye gereji zilizoidhinishwa hukohuko Uingereza. Gari iko Tabata.

Hapa kwetu lakini sio kwamba hamna kitu. Jirani yangu wakili aliniambia kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mfanyabiashara anayeuza kitu anatakiwa auze kitu chenye ubora wa kuuzika, na ukimwambia unakitaka kwa kazi gani kifae kwa kazi hiyo. Lile bandiko la Kariakoo la mali ikishauzwa hairudishwi sio Msahafu. Na malalamiko ya walaji yanapokelewa Tume ya Ushindani, FCC. Ila akaniambia pia, na hili aliligongea meza, kwamba ukisaini mkataba unaopunguza hizo haki zako mwenyewe unakuwa umempa mwenzio kisu, kwa hiyo twende tukabane hapohapo kwenye maneno yao.

Siku ya nne nikaitwa yadi. Bosi mwenyewe, mtu mzima, kanzu safi, akaniagizia soda. Akaanza, "Mama, hizi gari hazitaki maji, na mvua hizi utakuwa umepita kwenye maji." Nikamwambia mzee wangu, Jangwani kunakojaa maji sijapita tangu Oktoba, na fundi wako akafungue aangalie kama kuna tope. Akahama. "Mekatroniki ni kompyuta. Kompyuta ni umeme. Umeme haumo." Anasema polepole kama anamfundisha mtoto kusoma. Nikamuuliza, ukikitoa hicho kidude gia zinaingia? Akasema haziingii. Kimefungwa wapi? Kwenye giaboksi. Ndani yake kuna nini? Akanyamaza. Nikamwambia kuna pampu ya oili na valvu, sasa mzee wangu kama hicho sio giaboksi ni nini, redio?

Nikatoa kiambatisho D. Nikamweleza herufi P. Akavaa miwani akaisoma, akamwita fundi wake kutoka nyuma, kijana ana oili mpaka kwenye nyusi, akamuuliza P ni nini. Kijana wa watu hajui kuna kesi, akajibu kwa fahari kabisa, "P ni injini na giaboksi, bosi." Jamani ile sura ya mzee! Hata mimi nilimwonea huruma. Akavua miwani, akaniambia mama kunywa soda.

Sikushinda yote, nisiwadanganye. Tulibishana tena karibu saa nzima. Kifaa kilipatikana Dubai, kimefanyiwa ukarabati, milioni tatu na laki mbili, hiyo akalipa yeye. Usafiri na kazi ya fundi, pamoja na kukioanisha na gari kwa kompyuta maana hakifungwi tu kikaanza kufanya kazi, vikawa juu yangu, laki tisa na nusu. Klachi walizikagua wakasema bado zina maisha, na mimi nikasema iandikwe. Brekidauni alikataa katakata, laki na nusu yangu ikapotea. Gari ilikaa siku 37, Krismasi ikanikuta nyumbani, Moshi tulienda kwa basi na baba watoto njia nzima hakusema neno RAV4 hata moja, na ule ukimya wake ulikuwa unauma kuliko angesema.

Tangu hapo naendesha tofauti. Kwenye foleni siivuti vuti, naacha nafasi mbele mpaka ipatikane ya maana ndo naondoka mara moja, bodaboda wanaingia pale mbele wanavyotaka basi na waingie. Kwenye mlima sishikilii gari kwa mafuta, nakanyaga breki. Na gari nzuri jamani, sijaijutia, mpaka leo mlango unalia pu. Ila kila mwezi natenga kitu kidogo cha gari pembeni, waranti yangu mwenyewe, hiyo haina mstari wa tatu.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume naye akapata hela za kikoba na mkopo akataka Mjerumani, nikamwambia huendi peke yako. Tukaenda yadi nyingine kabisa. Kijana akaanza na waranti miezi sita, nikamwambia lete karatasi kwanza kabla hatujaiona gari. Mdogo wangu akanong'ona, "Dada unaniaibisha." Nikaisoma nimesimama, mpaka wakaniletea kiti. Fundi wa Sinza alikuwa ametangulia na mashine yake ameiwekea gari, makosa yote yaliyotokea yameandikwa, na tumeendesha kwenye foleni halisi ya Mwenge saa kumi na moja jioni, sio kuzunguka yadi.

Nikamuuliza kijana, giaboksi hii mnayoisema, mekatroniki imo? Akaangalia juu. Akaenda kwa bosi wake akarudi, akasema imo. Nikamwambia iandike. Akaandika kwa kalamu pembeni, "pamoja na mekatroniki". Nikasema ongeza na tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Akaenda tena kwa bosi, akarudi anacheka, tabo wamekataa. Nikasema haya, andika kwamba tabo haimo, tujue. Na kilomita zifutwe ibaki miezi tu. Hapo tulibishana kidogo, zikafutwa, bosi akatia sahihi kwenye kila palipokatwa, wakagonga muhuri, kijana akanikabidhi kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa.

Nikaiangalia. Muhuri haukuwa na tarehe. Nikairudisha.